Paka Mweupe Kutoka Kamachumu

Kwanza ulikuja mlio. Ulikuwa mrefu na mwembamba, wenye hasira ndani yake. Ulitoka njiani, nyuma ya migomba, mahali ambapo macho hayakufika.

Kokugonza alikuwa jikoni, akimenya ndizi za mchana. Akasimamisha kisu.

"Buni, umepatwa na nini huko?" aliuliza.

Lakini Buni hakuwa huko. Buni, paka wake wa rangi ya kahawa, alikuwa hapo hapo miguuni pake, masikio yamesimama. Paka wa pili, Senene, alikuwa juu ya rundo la kuni. Walimpa jina hilo la panzi kwa sababu ya kuruka kwake. Mlio ulipokuja tena, mkia wa Senene ulivimba ukawa kama brashi.

Kisha gari likatokea. Lilikuwa gari la Lukmani, dereva kutoka Muleba. Mbele alikaa Clavery, mume wa Kokugonza. Nyuma alikaa mama yake Clavery, Bibi Anatolia, amekumbatia kapu lililofunikwa kwa kanga. Kapu ndilo lililokuwa likilia.

Safari hii ilikuwa imesubiriwa sana. Tangu mume wake afe, Anatolia aliishi peke yake Kamachumu, wilayani Muleba. Miezi mitatu iliyopita aliteleza akiteka maji, akaumia nyonga. Sasa alitembea kwa fimbo. Clavery alimwomba mara tatu aje kuishi nao Maruku. Mara tatu alikataa. Mara ya nne alikubali, kwa masharti mawili.

"La kwanza, Pamba anakuja nami," alisema. "Yeye ndiye aliyebaki nami nyumba ilipokuwa kimya. La pili, nakuja kwa mwezi mmoja. Lukmani atanifuata Jumapili ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo nitasema kama nakaa au narudi."

Clavery hakulala vizuri kwa sababu ya sharti hilo la pili. Akirudi Kamachumu, nani atamtekea maji? Akianguka tena, nani atamwinua?

"Atakaa," alimwambia mkewe. "Nitampokea mpaka asahau njia ya kurudi."

Clavery alikuwa mkulima hodari. Kibanja chake, chenye migomba na mibuni, kilisifiwa, na yeye alipenda kusifiwa. Hakuna ugonjwa wa kahawa asioujua. Basi alidhani hata paka anawajua.

Siku moja kabla ya ugeni, alikata nyasi mpya kwa ajili ya sebule. Kwao, mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi mbichi sakafuni. Nyasi za zamani alizikusanya zote, akazitupa kwenye migomba. Chini ya kabati, pale Buni alipozoea kulala, alizoa mpaka jani la mwisho. Nyumba nzima ilinukia nyasi mpya.

Kokugonza alipiga magoti, akamsalimia mama mkwe wake. "Shikamoo, Mae." Mae, kwa Kihaya, ni mama.

"Marahaba, mwanangu. Shikeni kapu polepole. Amechoka na mashimo ya barabarani."

Clavery alimpa mama yake kahawa za kutafuna, kama mgeni anavyopewa. Kisha akaweka sinia katikati ya nyasi, akamwaga dagaa. Akawaita Buni na Senene. Akafunga mlango.

"Unataka kufanya nini, Baba Immakulata?" Kokugonza aliuliza.

"Kuwakaribisha. Mgeni akila sinia moja na wenyeji, ugeni unaisha."

"Hawa si watu."

"Mama Immakulata, wewe ulisomea paka lini, mimi nikiwa wapi?" Akafungua kapu.

Pamba alitoka taratibu. Alikuwa paka jike, mweupe, mnene, mwenye sikio moja lililochanika. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyegusa dagaa. Buni alianza kuunguruma chini chini. Senene hakuunguruma. Senene aliruka.

Nyasi zilitawanyika. Manyoya yakaruka. Sinia lilipinduka, na dagaa wakaenda kila upande. Clavery akaingiza mkono katikati ili awatenganishe. Senene, kwa hofu na hasira, hakutazama ni mkono wa nani. Akauma.

Buni alipita dirishani, akapotelea migombani. Senene akapanda juu ya kabati. Pamba alijisukuma uvunguni mwa kiti cha Anatolia, akabaki huko akitetemeka.

Clavery alishika kidole chake. Damu ilidondoka kwenye nyasi alizozikata mwenyewe.

"Nileteeni majani ya dawa," alisema.

Kokugonza hakuleta majani. Alishika simu, akampigia Elieth.

Elieth, rafiki yake, alikuwa afisa mifugo wa kata. Wakati huo alikuwa jirani, kwa Kahangwa, akimtibu ng'ombe. Kabla ya kusema lolote lingine, aliuliza kwenye simu, "Ameosha?"

"Bado."

"Aoshe sasa hivi. Maji yatiririke na sabuni itumike, robo saa nzima. Asipake majani, wala asifunge kwa kitambaa. Nakuja."

Alifika na pikipiki yake, buti zikiwa na matope. Alikuta Clavery bado anaosha kidole kwenye ndoo ya bomba, uso umekunjamana.

"Nani amekuuma, shemeji?"

"Senene. Nimemlisha miaka mitatu."

"Senene nilimchanja mwaka huu dhidi ya kichaa cha mbwa. Hilo ni zuri. Lakini bado utakwenda hospitali leo. Kuumwa na paka si jambo dogo. Meno yake ni membamba, yanapeleka uchafu ndani sana. Huko wataangalia kama unahitaji sindano. Na Senene tumwangalie siku kumi. Akibadilika tabia, mniite."

"Leo nina kazi ya kahawa."

"Kahawa haijaumwa," alisema Elieth.

Anatolia alicheka kidogo pale alipoketi. Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu afike.

Clavery alikwenda hospitali. Aliporudi jioni, kulikuwa na jambo jingine. Buni alikuwa amerudi kwa siri, akakojolea magunia mawili ya kahawa yaliyokuwa ukumbini. Harufu ilikuwa kali. Kahawa ya juu katika gunia moja ilikuwa imelowa, ikabidi imwagwe.

Hapo Clavery alishindwa kujizuia. "Kesho huyo mweupe anakwenda Rubafu. Kule ziwani kuna samaki, hatakufa njaa."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini ukuta ule haukuwa mnene. Mlango wa chumba ulifunguka. Anatolia alisimama pale na fimbo yake.

"Akienda Rubafu, mimi nakwenda Kamachumu," alisema. "Sitasubiri Jumapili." Akafunga mlango.

Kokugonza alimtazama mumewe. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi kesho Elieth akija kumchanja Pamba, utamsikiliza mpaka amalize."

Asubuhi Elieth alikuja na kisanduku chake. Alimkagua Pamba masikio, meno na manyoya. Akampa dawa ya viroboto na ya minyoo, kisha akamchanja.

"Mgeni asije na viroboto wake kwa wenyeji," alisema. Kisha akaketi. "Sasa niambieni. Jana mlifanyaje?"

Clavery alieleza yote, hata habari ya sinia. Elieth alisikiliza bila kucheka, ingawa midomo ilimchezacheza.

"Shemeji, ulitenda kwa moyo mzuri. Ulimpokea kama mtu. Ila mtu hujua kwamba amealikwa. Paka hajui. Kwa Buni na Senene, nyumba hii ni kibanja chao. Jana waliona mvamizi amewekwa katikati ya chakula chao, na mlango umefungwa. Hakuna pa kukimbilia ila dirishani. Wewe ungefanya nini?"

"Ningepigana," alikiri Clavery.

"Haya. Na nyasi za zamani ziko wapi?"

Clavery alishangaa. "Nyasi zinahusika vipi?"

"Paka hujua nyumba yake kwa pua. Anajisugua kwenye miguu ya meza, analala mahali pale pale, anaacha harufu yake. Ile harufu inamwambia: hapa ni kwako, tulia. Wewe ulizoa harufu yao yote ukaitupa migombani. Siku hiyo hiyo ukaleta harufu ngeni. Buni alirudi akakuta nyumba haimjui. Akakojolea magunia ili ijulikane tena ni ya nani. Hakufanya kwa ubaya."

Anatolia alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba chake. "Waitu, mwanangu, endelea," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Tufanye nini?"

"Tuanze upya, kana kwamba Pamba hajafika. Kuna chumba chenye mlango?"

Kilikuwapo chumba cha Immakulata, binti yao, aliyekuwa bwenini Kashozi. Ndicho alichopewa Anatolia.

"Pamba akae humo na bibi," Elieth alisema. "Awe na maji yake, chakula chake, na beseni la mchanga la kujisaidia, mbali na chakula. Awe na mahali pa kujificha. Kapu lake linatosha. Asitoke, na wale wawili wasiingie. Wasionane kabisa kwa siku kadhaa."

"Paka chumbani mwa mtu?" Clavery aliguna.

"Kule Kamachumu Pamba alilala miguuni pangu," alisema Anatolia. "Marehemu baba yako alikoroma kuliko yeye."

Clavery alikwenda kutafuta beseni.

Basi kazi ikaanza. Kokugonza alikwenda migombani, akaokota nyasi za zamani zilizokuwa bado kavu. Akazirudisha chini ya kabati, pale pale pa zamani. Buni alizinusa kwa muda mrefu. Akazunguka mara mbili, akalala. Magunia yalifuliwa kwa sabuni, yakaanikwa juani. Buni hakuyakojolea tena.

Siku ya tatu, Elieth aliwafundisha jambo la pili. Kokugonza alichukua nyasi kidogo alizolalia Buni, akaziweka chumbani kwa Pamba. Alichukua nyasi alizolalia Pamba, akaziweka karibu na mlango wa jikoni. Senene alizikuta. Alizinusa, akatoa sauti kama maji yaliyomwagikia kaa la moto, akaondoka. Kesho yake alizinusa, akaondoka kimya. Keshokutwa alizikalia.

"Wanajuana kwa barua," alisema Anatolia.

Chakula nacho kilihamishwa. Pamba alikula ndani. Wenyeji walikula nje ya mlango ule ule uliofungwa. Mwanzoni sahani zilikaa mbali, hatua nyingi. Kila siku zilisogezwa kidogo. Kama paka mmoja aliacha kula na kuunguruma, sahani zilirudishwa nyuma.

"Wanajifunza kwamba harufu ya yule mwingine inakuja pamoja na dagaa," Elieth alieleza. "Wazo zuri linashika mahali pa wazo baya. Na msiwatumbulie macho. Paka akitazamwa sana anaona anatishwa."

Neno hilo lilimkaa Kokugonza kichwani. Maana kulikuwa na mwingine ndani ya nyumba ambaye hakuwa anakula vizuri.

Kila mlo, Anatolia alikaa katikati yao mezani. Clavery alimwongezea ndizi, Kokugonza akamwongezea mchuzi. Bibi alidonoa, akasema ameshiba. Begi lake lilikuwa bado limefungwa, nyuma ya mlango.

"Mae, mbona huli?" Kokugonza alimuuliza siku moja, wakiwa wawili.

"Nakula, mwanangu. Ila mnanitazama kila tonge. Nasikia kama niko kwenye mtihani."

 Siku iliyofuata Kokugonza hakumwita mezani. Alimpelekea kigoda kwenye mlango wa nyuma, unaotazama migomba, akaweka sahani na kwenda zake. Aliporudi, sahani ilikuwa tupu. Siku nyingine alimkuta Anatolia amekwenda jikoni mwenyewe, ameshika kisu.

"Ndizi zako unazimenya ukiacha nyama nyingi kwenye ganda," alisema bibi.

"Basi nionyeshe, Mae." Wakamenya pamoja.

Wiki ya pili, Clavery mwenyewe alileta wazo. Alichukua wavu wa kuanikia kahawa, akaukinga mlangoni mwa chumba. Sasa mlango ulifunguliwa wakati wa chakula, na paka wakaonana bila kufikiana. Elieth alipoona wavu ule, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hilo sikukufundisha, shemeji."

Clavery alijaribu kuficha furaha yake, akashindwa.

Labda sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Jumapili ya pili, alipotoka kanisani, aliwakuta paka watatu wakila kwa utulivu pande mbili za wavu. Zilibaki Jumapili mbili tu kabla ya Lukmani kuja. Akaona haya mambo yamekwisha kuiva. Akauondoa wavu.

Senene aliinua kichwa, akaona hakuna kizuizi. Pamba naye aliona. Mara wakawa wamegeuka mpira mmoja wa manyoya.

Safari hii Clavery hakuingiza mkono. Alikumbuka kidole chake. Alichukua kipande cha ubao, akakipitisha katikati yao, akapiga kelele moja. Wakaachana. Akawarudisha kila mmoja upande wake, akafunga mlango.

Alimpigia simu Elieth mwenyewe. "Nimeharibu," alisema. Kokugonza, aliyekuwa pembeni, hakuwahi kusikia mumewe akitamka neno hilo.

"Kuna aliyeumia?"

"Hapana."

"Basi hujaharibu. Umerudi nyuma hatua chache. Funga mlango siku mbili, kisha anza tena na wavu. Mara nyingi huchukua wiki tatu au nne. Wengine miezi. Paka hawajui kalenda yako."

Clavery alikata simu, akakaa. Kisha akamwambia mkewe polepole, "Mimi ndiye mwenye kalenda. Naogopa ile Jumapili."

"Hata mimi," alisema Kokugonza. "Lakini tumeharakisha mara mbili, na mara mbili tumejuta."

Wakaanza tena. Mlango ulifungwa siku mbili, kisha wavu ukarudishwa. Wiki ya nne, wavu uliondolewa kwa dakika chache tu, Elieth akiwapo. Anatolia alishika kamba ya mgomba yenye fundo, akaiburuza kwenye nyasi ili Pamba aichezee. Kokugonza alimchezesha Senene upande wa pili kwa kamba nyingine. Madirisha na mlango wa nyuma vilikuwa wazi, ili mwenye hofu apate njia. Buni alitazama tu, kama mzee kwenye mkutano. Dakika tano zilipita bila ugomvi. Kesho yake zikawa kumi. Keshokutwa zikawa nusu saa.

Kila paka alikuwa na sahani yake, na chombo chake cha maji. Hakuna aliyemfuata mwenzake kwenye beseni la mchanga, kwa sababu sasa mabeseni yalikuwa mawili.

Hawakuwa marafiki. Senene bado alimpita Pamba kwa kuzunguka mbali, pua juu. Ila Buni alianza kulala futi mbili kutoka kwa Pamba, juu ya nyasi zilizonukia wote watatu. Na zilipokuja mvua, panya walipokimbilia ndani kutoka shambani, paka watatu walilinda kahawa pamoja. Hakuna gunia lililotobolewa.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ikafika. Honi ya Lukmani ilisikika njiani. Clavery alitoka nje. Tangu asubuhi hakuwa amemuuliza mama yake chochote. Kokugonza alisimama jikoni, mikono ina maji ya ndizi.

Anatolia alitoka na fimbo yake. Hakubeba begi. Kapu pia hakulibeba.

"Lukmani, zima gari uje ule," alisema. "Leo humbebi mtu."

"Unakaa, bibi?"

"Pamba hataki kuondoka. Ameanza kuzoea. Nikimhamisha sasa, aanze upya kwa wageni wengine?"

Clavery alitazama chini. Lakini Anatolia hakuwa amemaliza.

"Ila kuna jambo moja, Clavery. Baba yako amelala peke yake kule. Nani atamfagilia kaburi? Hilo ndilo limefanya begi langu lisifunguliwe. Si chakula chenu, wala si paka."

 Mwezi mmoja uliopita Clavery angejibu kabla ya swali kuisha. Sasa alimtazama mkewe mlangoni, akamtazama Lukmani, kisha akasogea mpaka mbele ya mama yake.

"Mae, sikia, na Lukmani awe shahidi," alisema. "Kila mwezi nitakupeleka Kamachumu mwenyewe. Tutafagia kwa baba, utakaa naye kadiri utakavyo, kisha tutarudi. Siku utakayosema umechoka na nyumba yangu, sitabishana, nitakusikiliza kwanza. Na Pamba sitamtaja tena pamoja na Rubafu. Nakuahidi: katika nyumba hii, hakuna nitakayemlazimisha kuzoea kwa siku moja."